Uteuzi wa Sampuli katika Utafiti: Wingi si Hoja

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anapojiandaa kwenda nyanjani, swali la kwanza analomuuliza msimamizi wake ni hili: wahojiwa wangapi watatosha? Swali hilo lina uzito wake, ila hutanguliwa na jingine: wahojiwa hao watateuliwaje? Makala hii inafafanua dhana za kimsingi za uteuzi wa sampuli na kubainisha kwa nini swali la pili ndilo msingi wa matokeo.

Kundi lengwa ni jumla ya watu au vitu ambavyo mtafiti anakusudia kuvitolea hitimisho. Sampuli ni sehemu ya kundi hilo inayochunguzwa kwa niaba ya jumla. Sampuli huwa nasibu iwapo kila mmoja katika kundi lengwa ana nafasi inayojulikana ya kuteuliwa, kwa mfano kwa kupiga kura.

Mwaka 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilisambaza takribani kadi milioni 10 za kukusanya maoni kuhusu uchaguzi wa urais. Watu zaidi ya milioni 2 walijibu, na jarida likatabiri kwamba Alfred Landon angembwaga Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alizoa takribani asilimia 61. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mno ikilinganishwa na hiyo, alikuwa amemtaja mshindi barabara. Majina mengi ya jarida yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, ilhali ulikuwa wakati wa mdororo wa uchumi na maskini wengi hawakuwa na vitu hivyo. Isitoshe, wengi waliopokea kadi hawakuzirejesha, na huenda maoni yao yalitofautiana na ya waliojibu.

Kosa la aina hiyo huitwa upendeleo. Kuongeza wahojiwa hakuliondoi, hulikariri tu. Ni tofauti na kosa la sampuli, litokanalo na bahati, ambalo hupungua sampuli inapokua. Sampuli nasibu ya watu 400 huwa na kosa la takribani asilimia 5 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ili kulipunguza kosa hilo kwa nusu, wahojiwa 1,600 huhitajika.

Chukulia mwanafunzi anayechunguza matumizi ya Sheng miongoni mwa vijana wa Nairobi. Akiwahoji wenzake 300 bwenini, hajawachunguza vijana wa Nairobi, bali marafiki na majirani zake. Afadhali aligawe kundi lengwa katika matabaka, kwa mfano kwa mitaa, jinsia na kiwango cha elimu, kisha ateue kinasibu katika kila tabaka.

Hata hivyo, uteuzi wa kimakusudi una nafasi yake. Anayetafiti utunzi wa mashairi Lamu hana budi kuwaendea malenga wenyewe. Ushahidi wao ni wa thamani, ila asilimia zitokanazo nao haziwasemei wakazi wote wa Lamu.

Kwa hivyo, tasnifu yapasa ieleze bayana kundi lengwa, njia ya uteuzi na idadi ya waliokosa kujibu. Kauli finyu yenye mashiko ni bora kuliko kauli pana isiyo na msingi.