Ukialikwa Kula "Chakula cha Asia" Mjini London

Huenda siku moja, ndugu msomaji, ukajikuta London. Si lazima uwe mkubwa wa kazi ndipo ufike huko. Wapo wanaokwenda kumwuguza binti aliyejifungua, wapo waliopelekwa mafunzoni kwa miezi mitatu, na wapo ambao watoto wao wamechanga nauli ili mzee naye auone mji ule kabla miguu haijachoka. Katika safari ya namna hiyo haikosi kufika jioni moja ya Jumamosi ambapo mwenyeji wako atasema, "Leo hatupiki, tunatoka." Na mahali atakapokupeleka, aghalabu hapatakuwa kwa Waingereza, wala hapatakuwa kwa Wahindi, ambao mapishi yao umeyazoea tangu utotoni. Atakupeleka katika mkahawa wenye mwanga hafifu na muziki mwingi, ambamo Mjapani, Mchina, Mthai, Mkorea na Mmalaya wameandikwa katika orodha moja ya vyakula kana kwamba wamezaliwa tumbo moja.

Makala haya yamekusudiwa yakufae jioni hiyo. Yafaa uingie humo ukijua unachokula, na ujue pia ni saa ngapi za kazi za mwenyeji wako zitakazowekwa mezani.

Tuanze na hilo la fedha, maana ndilo linalosemwa kwa sauti ndogo. Mgeni aliyetoka nyumbani ana desturi ya kugeuza kila pauni kuwa shilingi, na akishaigeuza, roho humruka. Hesabu hiyo haina faida kwa yeyote. Hesabu yenye faida ni ya saa. Mwezi Aprili 2025, kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kwa mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilipandishwa kuwa pauni 12.21 kwa saa, nazo ni fedha ambazo kodi haijakatwa. Sahani moja ya wali au tambi katika mkahawa wa aina hii mara nyingi huzidi kiasi hicho. Basi mpwa wako anayewahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, au anayepakia mizigo ghalani usiku, akikulisha wewe, mkewe na watoto wawili, amekwisha kutoa ujira wa kutwa nzima au karibu yake. Usimwambie hayo mezani, utamtia haya. Lakini usiagize ngisi kwa tamaa ya kuonja tu, kisha ukamwacha sahanini akitazama juu.

Kinywaji nacho kina mlango wake wa kuponea. Katika England na Wales, nyumba yenye leseni ya kuuza pombe kwa kunywewa hapohapo inapaswa kumpa mteja maji ya bomba bure akiyaomba. Sema waziwazi kuwa unataka maji ya bomba. Ukisema "maji" tu, huenda ikaletwa chupa, na chupa ina bei yake.

WAASIA WENGI, MEZA MOJA

Pengine utajiuliza mataifa haya yalikutanaje. Wachina ndio waliotangulia, nao wengi wao walikuwa mabaharia waliokaa Limehouse, karibu na gati za mashariki ya London. Mtaa ule ulipigwa vibaya na mabomu ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita, wenye mikahawa wakahamia pole pole Gerrard Street, katikati ya mji, ambako siku zile kodi za nyumba zilikuwa nafuu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakafika watu wengi kutoka mashamba ya Hong Kong, ambako kilimo cha mpunga kilikuwa hakilipi tena. Hao ndio waliofungua maduka ya kupika na kufungia wateja chakula katika karibu kila mji wa Uingereza.

Mtoto wa watu wa namna hiyo, Alan Yau, mzaliwa wa Hong Kong ambaye wazee wake walikuwa na mkahawa katika jimbo la Norfolk, ndiye aliyefungua mwaka 1992 mkahawa uitwao Wagamama, katika chumba cha chini ya ardhi mtaani Bloomsbury, jirani na jumba la makumbusho la British Museum. Jina hilo ni la Kijapani, na maana yake ni kama kusema mtu mkaidi, afuataye nafsi yake, mfano wa mtoto aliyedekezwa. Humo hapakuwa na kuweka nafasi kabla: kila mtu alipanga foleni. Meza zilikuwa ndefu, viti vilikuwa mabenchi, na chakula kililetwa kikiiva, hata kama cha mwenzako bado. Kwa Waingereza, kukaa benchi moja na mtu usiyemjua huku viwiko vikigusana lilikuwa jambo geni. Asiyelishangaa ni yule aliyewahi kula kwa mama ntilie. Mwaka 2001 Yau huyohuyo akafungua Hakkasan, mahali pa wenye mifuko mizito zaidi, na baada ya hapo wengi wakafuata njia, wengine kwa ustadi na wengine kwa taa na muziki tu.

Mimi naona neno lenyewe, "chakula cha Asia", ni la mashaka. Asia inakaliwa na zaidi ya nusu ya watu wa dunia, wala hakuna nyumba huko ambamo watu huketi jioni wakala "chakula cha Asia". Mfikirie mtu wa Ulaya atakayefungua mkahawa akauita wa Afrika, akaweka katika karatasi moja ugali wa Iringa, injera ya Addis Ababa na kuskusi ya Morocco. Utacheka, lakini pia utakaa ule. Hali ndiyo hiyo.

Hata hivyo, vyakula vyenyewe vina historia ya kusafiri, na tazama sahani ambayo huenda ndiyo watakayokushauri kwanza, kwa kuwa haimtishi mgeni: katsu ya kuku kwa mchuzi wa binzari. Ni kipande cha kuku kilichopondwa kikawa bapa, kikavikwa makombo ya mkate na kukaangwa, kisha kikalazwa juu ya wali na kumwagiwa mchuzi mzito wa rangi ya manjano. Utaambiwa ni chakula cha Kijapani, na ni kweli. Lakini mchuzi huo ulitoka India. Waingereza waliokuwa wakitawala na kufanya biashara huko waliurudisha kwao, hata kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse cha mwaka 1747 kikauandika. Na mwaka 1810 Mhindi aitwaye Dean Mahomed akafungua London nyumba ya kulia vyakula vya kwao, ingawa alifilisika baada ya muda mfupi. Waingereza ndio walioupeleka Japani, baada ya nchi ile kufungua milango yake zama za Meiji zilizoanza mwaka 1868. Jeshi la majini la Japani likaupokea, likauongeza unga wa ngano ili uwe mzito, likawalisha askari wake pamoja na wali. Nyama nayo ilikuwa jambo jipya mezani kwao: ni mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa kuwa Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Neno "katsu" ni ufupisho wa jina la Kizungu la kipande cha nyama ya kukaanga. Basi mchuzi ulitoka India ukaenda Uingereza, ukaenda Japani, kisha ukarudi Uingereza kama mgeni na kupangiwa foleni. Ulimi wako utausadiki ukoo huo, ila utaona kuwa njiani ulipoteza pilipili na kuokota sukari.

Ukiendelea kusoma orodha utakutana na jamaa wengine. Satay ya Indonesia na Malaysia ni mishikaki, isipokuwa huchovywa katika mchuzi wa karanga. Mchuzi wa kijani wa Thailand umeungwa kwa tui la nazi, mchaichai na pilipili mbichi, nao kwa mtu wa pwani si mgeni hata kidogo. Tambi za Kithai ziitwazo pad thai, ambazo serikali ya Phibunsongkhram ilizieneza kwa raia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zimetiwa ukwaju, na mkwaju ni mti wa asili ya Afrika uliovuka bahari kwenda Asia zamani za kale. Pilipili haikuwa yao wala yetu. Ilitoka Amerika, nao Wareno ndio walioisambaza. Bao za Kichina ni mikate myeupe iliyoiva kwa mvuke. Gyoza zitakukumbusha sambusa iliyochemshwa kabla haijamaliza kukaangwa. Na ukiletewa maganda ya kijani yenye chumvi, hayo ni maharage mabichi ya soya: finya ule punje, ganda liache. Ile tonge ndogo ya kijani iliyo kando ya samaki mbichi si parachichi. Ionje kwa ncha ya kijiti, maana hupanda puani kama haradali.

ULIZA KABLA YA KUAGIZA

Sasa nafika panapohitaji uangalifu kuliko pote. Wasomaji wetu wengi hawali nguruwe wala hawagusi pombe, na katika mapishi haya vyote viwili hujificha. Kumbuka silabi moja ya Kijapani: "ton" ni nguruwe. Katsu ya kuku ni ya kuku, lakini tonkatsu ni ya nguruwe. Tonkotsu ni supu nyeupe itokanayo na mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi, na tambi zilizomo huweza kupambwa kwa nyama nyingine kabisa, mgeni akadhani amesalimika. Sake ni pombe ya mchele, na mirin, ambayo hutiwa katika michuzi mitamu ya Kijapani, nayo kwa asili ina kilevi. Hata kuku wa halali aweza kukaangwa katika mafuta yaleyale yaliyokaangiwa nguruwe.

Hapo sheria haitakusaidia sana. Tangu Desemba 2014 mikahawa ya Uingereza hupaswa kumweleza mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 viwezavyo kumdhuru mwenye mzio, kama vile karanga, ufuta, kamba, samaki, mayai, maziwa, soya na ngano. Nguruwe na pombe hawamo katika hesabu hiyo. Mwenye kudhuriwa na karanga amewekewa ulinzi. Mwenye mwiko wa dini ameachiwa ulimi wake. Kwa hiyo mwulize mhudumu: supu hii imetokana na mifupa gani? Mchuzi huu umetiwa divai au sake? Mafuta ni yapi? Kama hajui, mwombe akaulize jikoni, nawe ungoje. Wazee wetu wengi huona haya wasije wakamwaibisha kijana aliyewaalika, wakala kwa mashaka au wakakaa njaa wakisema wameshiba. Kijana huyo amelipa ili ule kwa raha.

Na wewe mwenye shinikizo la damu, jihadhari na chumvi. Sosi ya soya, sosi ya samaki na supu ya tambi zote ni za chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja la tambi za supu laweza kuzizidi peke yake. Kula tambi, kula mboga, supu iache chini ya bakuli.

Kuhusu vijiti, usifadhaike. Omba uma na kijiko, hakuna atakayekutazama. Wathai wenyewe hula wali kwa kijiko na uma, na huko Indonesia na Malaysia wengi hula kwa mkono wa kulia kama sisi. Ukivishika vijiti, neno moja tu: usivichomeke vikasimama katika wali, kwa maana Wachina na Wajapani huona kama udi unaofukizwa kwa ajili ya maiti.

Hesabu ikiletwa, huenda ukaona chini yake nyongeza ya huduma, aghalabu asilimia 12.5. Mara nyingi ni hiari, na mteja ana haki ya kuomba iondolewe ikiwa hakuhudumiwa vyema. Zamani wapo waajiri waliokuwa wakiichota bakshishi hiyo kabla haijamfikia mfanyakazi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 imewalazimu kuigawa yote kwa wafanyakazi, na kwa haki. Kwa hiyo yule binti aliyekwenda jikoni mara mbili kukuulizia habari za mafuta sasa ana fungu lake halali humo. Ikiwa mwenyeji wako ameilipa, usimwambie ametupa fedha.

Kilichobaki waombe wakufungie, si aibu. Kikiwa ni wali, kitiwe jokofuni mara tu mfikapo nyumbani, maana wali uliokaa nje huota vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi hata kwa kupikwa. Upashwe mara moja tu, hadi utoe moshi, na uliwe siku inayofuata. Jumapili alfajiri, mpwa wako atakapotoka kwenda zamu wewe ukiwa bado umelala, kopo hilo ndilo litakalokuwa chakula chake cha mchana.