Safari ya Siku Moja Katika Mji wa Beaufort

Katika mazungumzo haya twataka kuwachukua wasomaji wetu mpaka Beaufort, mji mdogo wa pwani katika jimbo la South Carolina, upande wa kusini wa Marekani. Mji huu uliwekwa mwaka 1711, wakati Waingereza walipokuwa wakitawala huko. Mtu akiondoka Savannah asubuhi kwa motokaa, hufika kwa muda wa kama saa moja, na jioni aweza kurudi.

Jambo la kwanza tuonalo ni miti mikubwa ya mialoni, ambayo matawi yake yamening'inia mimea ya kijivu mfano wa ndevu za wazee. Chini ya miti hiyo zasimama nyumba za kale, zilizoinuliwa juu ya misingi mirefu, zenye baraza pana chini na juu. Nyingi zaelekea kusini ili zipate upepo wakati wa joto.

Misingi mingine ilijengwa kwa namna ambayo watu wa pwani yetu wataielewa upesi. Mafundi walichoma makombe ya chaza wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga, maji na makombe mengine, kisha wakaimimina ndani ya mbao mpaka ikashikamana. Chokaa yetu ya zamani ilitoka katika matumbawe. Yao ilitoka katika chaza.

Je, mali ya kujengea nyumba hizo ilitoka wapi? Ilitoka katika pamba ya visiwani, yenye nyuzi ndefu na laini, iliyouzwa Uingereza kwa bei kubwa. Waliolima pamba hiyo walikuwa watumwa, watu waliotolewa Afrika na wazao wao. Nao ndio waliochoma chokaa na kujenga kuta.

Mwaka 1861 majimbo ya Kusini yaliasi, vita ikaanza. Tarehe 7 Novemba mwaka huo manowari za serikali zilizishinda ngome za karibu na Beaufort, na mabwana wakakimbia. Watumwa wapatao 10,000 walibaki katika mji na visiwa vyake.

Sasa twende Prince Street, tuitazame nyumba moja. Katika ua wa nyumba hiyo alizaliwa mtumwa Robert Smalls mwaka 1839. Alipokuwa kijana alipelekwa Charleston kufanya kazi, akajifunza kuongoza vyombo vya baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa Wazungu wa meli ya waasi iitwayo Planter walikwenda kulala mjini. Smalls na wenzake waliichukua, wakampakia mkewe na watoto, jumla yao watu 16. Alivaa kofia ya nahodha, akapiga filimbi za ishara zilizotakiwa mbele ya ngome, akapita. Kulipopambazuka walitweka shuka nyeupe, wakaikabidhi meli kwa manowari za serikali.

Nyumba ya bwana wake ilikuwa imetwaliwa kwa sababu kodi haikulipwa. Smalls akainunua. Baada ya vita mtu aliyedai kuwa ni yake alimshitaki, shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Alichaguliwa kuingia katika Baraza la nchi mwaka 1874. Mwaka 1895, jimbo lilipotunga katiba ya kuwanyima watu weusi kura, alikuwa mmoja wa wajumbe weusi sita walioipinga. Hawakufaulu, haki hiyo ilingoja sheria ya mwaka 1965. Smalls alifariki mwaka 1915 katika nyumba ileile.

Alasiri twavuka madaraja mpaka kisiwa cha St. Helena. Hapo mwaka 1862, vita ingali ikiendelea, ilianzishwa Shule ya Penn kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Wazao wao, waitwao Gullah, wangali wapo, na katika Kiingereza chao yamo maneno ya Afrika.

Basi mtu azurupo mji wa kale, macho yake yatapenda baraza na miti. Na apende, kwa kuwa ni mizuri. Lakini yafaa aulize maswali matatu mbele ya kila nyumba: Nani aliijenga? Nani aliimiliki? Nani alibaki? Katika Beaufort, nyumba moja ya Prince Street yatosha kumjibu.