Sifuri kamili na kisicho na kikomo

Mnamo Aprili 1911, katika maabara ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, zebaki ilipoozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Ukinzani wake wa umeme ukaporomoka ghafla, vifaa vikashindwa kuusoma. Uwezo wa kupitisha umeme ni moja kugawanywa kwa ukinzani. Basi ukinzani ukiwa sifuri kamili, uwezo huo hauna kikomo. Je, wanasayansi wale walikuwa wamekishika kisicho na kikomo?

Jambo hilo linaweza kujaribiwa. Chukua pete ya risasi, ipooze, ianzishie mkondo, kisha ondoa chanzo cha umeme. Ikiwa ukinzani haupo kabisa, mkondo utazunguka milele. Mwaka 1932 Gerrit Jan Flim, fundi wa Leiden, alipanda ndege hadi London na pete ya aina hiyo ndani ya chombo cha heliamu, ampea 200 zikizunguka bila betri wala waya wa nje. Sumaku za mashine nyingi za MRI hospitalini hutumia mbinu hiyohiyo: zikishapewa mkondo, hutenganishwa na chanzo, na usumaku hudumu miaka.

Lakini hiyo milele hakuna aliyeipima. Mwaka 1963 watafiti wawili Wamarekani, File na Mills, walifuatilia kwa makini mno usumaku wa koili ya supakondakta, yaani kitu kinachopoteza ukinzani wake kikipoozwa, wakitafuta dalili yoyote ya kupungua. Jibu lao: mkondo ungehitaji zaidi ya miaka 100,000 kufifia. Ni muda mrefu kupindukia, ila bado una hesabu. Kila kipimo kina kosa lake, na ndani ya kosa hilo ukinzani mdogo mno unaweza kujificha. Anayetaka kuthibitisha kisicho na kikomo lazima kwanza athibitishe sifuri kamili, na mita ya kufanya hivyo haipo.

Wanaastronomia nao wamekwama pale pale. Setilaiti ya Planck ilionyesha kwamba mpindo wa ulimwengu unakaribia sana sifuri. Ukiwa sifuri hasa, ulimwengu unaweza kuwa hauna mwisho. Mpindo ukizidi sifuri hata kidogo tu, ulimwengu unaweza kujifunga wenyewe.

Kutopimika si kutokuwepo, na nisingemruhusu mtu aruke kutoka la kwanza hadi la pili. Hata hivyo, kwa supakondakta tuna ushahidi zaidi. Katika nyaya nyembamba mno za supakondakta, karibu na halijoto ambapo ukinzani hutoweka, mtikisiko wa joto huvuruga mpangilio wa elektroni kwa kitambo kidogo, na mkondo hushuka ngazi moja. Ukinzani unaotokana na hilo umepimwa tangu miaka ya 1970. Waya ukiwa mnene na baridi ya kutosha, tukio moja la namna hiyo linaweza kusubiriwa kwa muda unaozidi mbali umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8. Nadharia haiupi mkondo umilele. Inaupa muda mrefu sana, lakini wenye kikomo.