Tija, Siha na Maarifa ya Mtunga Programu

Aghalabu watu wamwonapo mtunga programu ameketi kimya mbele ya kompyuta, hudhani kwamba kazi yake ni kuandika, na kwamba aandikaye mengi ndiye mwenye bidii. Na dhana hiyo ndiyo asili ya madhila mengi yanayowapata watu wa fani hii, kwani kazi yenyewe hasa ni kufikiri, na maandishi ni tokeo tu la fikira iliyokwisha kukomaa.

Mapema mwaka 1982, katika kampuni ya Apple huko California, wasimamizi wa mradi wa kompyuta iliyoitwa Lisa waliamuru kila mhandisi ajaze fomu kila wiki, aeleze ameandika mistari mingapi ya msimbo. Bill Atkinson, aliyetunga sehemu ya kuchorea picha katika kompyuta hiyo, ndiyo kwanza alikuwa ameiunda upya sehemu mojawapo ya kazi yake, ikawa sahili, ikaenda kasi karibu mara sita kuliko awali, na ikapungua kwa mistari ipatayo 2,000. Basi fomu ilipomfikia, alijaza 2,000 ya kutoa. Wiki chache baadaye wasimamizi waliacha kumtaka aijaze. Kisa hiki, alichokisimulia mwenzake Andy Hertzfeld, chadhihirisha kwamba tija ya kazi hii haihesabiki kwa wingi wa maandishi.

Kipimo kikiwa na kasoro, tiba nayo hupotoka, kwa kuwa msimamizi aonaye kazi imechelewa hukimbilia ama kuongeza watu ama kuongeza saa. Kuhusu watu, Frederick Brooks, aliyesimamia utungaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuwaongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa ni kuuchelewesha zaidi, maana wageni hawana budi kufundishwa na wale wale wenye kazi, na njia za kushauriana huzidi kuliko mikono: watu 3 wana njia 3, ilhali watu 10 wana njia 45. Kuhusu saa, kosa liandikwalo na mtu aliyechoka halionekani usiku ule. Hudhihirika baadaye, programu ikiwa mikononi mwa watumiaji, na kulitafuta hula muda mwingi kuliko ule uliodhaniwa kuwa umeokolewa. Ndiyo sababu Kent Beck, alipoueleza utaratibu wake wa kutunga programu mwaka 1999, aliweka kanuni ya saa 40 kwa wiki, na kwamba kazi ya ziada isifanywe wiki mbili mfululizo.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliueleza uchovu wa namna hii si kuwa ugonjwa, bali kuwa hali itokanayo na mfadhaiko wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa, yenye dalili tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kupungua. Mwenye kuitazama dalili ya tatu ataona kwamba aitoaye siha yake fidia kwa ajili ya tija huzikosa zote mbili. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaowafanyia kazi watu wa San Francisco, ambako saa tatu ya asubuhi ni saa moja au saa mbili ya usiku kwetu kwa kadiri ya majira. Wasipopatana mapema juu ya saa za mikutano, watafanya kazi mchana kwa mazoea na usiku kwa kulazimika.

Yabaki maarifa, ambayo nayo huweza kugeuka mzigo, kwani kila mwaka huzuka zana mpya, na kijana, kwa hofu ya kuachwa nyuma, huzifukuzia zote katika saa zake za kulala. Lakini fikira za Edgar Codd kuhusu upangaji wa data, alizozitoa mwaka 1970, ndizo zingali zikitegemewa na hifadhidata nyingi za leo. Kwa hiyo ashikaye misingi kwanza huipata zana mpya kwa taabu ndogo. Wala elimu hiyo haihitaji kuibwa katika usingizi, maadamu kuukagua msimbo wa wenzake, kuandika majaribio, na kuchunguza chanzo cha hitilafu badala ya kuiziba tu, vyote ni masomo yaliyomo ndani ya kazi yenyewe.

Nasaha yangu kwa waajiri ni kwamba waulize programu imemfaa nani na imedumu kiasi gani, kabla ya kuuliza imeandikwa kwa saa ngapi, na kwamba wakati wa kujifunza wauhesabu kuwa wakati wa kazi. Na kwa mtunga programu, aifunge kompyuta kwa wakati uliopatanwa bila kuona haya, kwani akili yake ndiyo chombo chake cha pekee, na hakuna atakayemtunzia ila yeye mwenyewe.