Mlezi Akiwindwa, Nani Atawalea Vijana wa Kilifi?

Mtu akitaja fujo za vijana Pwani ya Kenya, wengi hukumbuka magenge ya mapanga ya Kisauni, au vijana waliovuka mpaka kwenda kujiunga na Al-Shabaab. Kilifi ina balaa lake ambalo halina jina la genge wala bendera. Kutoka Ganze hadi Magarini, Kaloleni hadi Rabai, kwa miaka mingi wazee wamekuwa wakiuawa baada ya kutajwa kuwa wachawi. Wanaotajwa kuua mara nyingi ni vijana: pengine mjukuu, pengine mpwa, pengine kijana wa kijiji cha pili aliyekodiwa na jamaa wa marehemu. Hofu imefika mahali ambapo wazee wameripotiwa kupaka mvi zao rangi nyeusi ili wasishukiwe. Msitu wa Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ilileta kamera za dunia nzima, na ilistahili. Wazee hawa hufa mmoja mmoja, na kamera haziji. Tukizungumzia miradi ya kulea vijana na kuzuia umwagaji damu mitaani na vijijini, basi Kilifi swali la kwanza ni hili: utamleaje kijana pahali ambapo mlezi wake wa asili ndiye anayewindwa? Msimamo wangu ni kwamba mradi wowote unaomfunza kijana huku mzee akiachwa nje hautafika mbali, kwa sababu uhasama wenyewe uko baina ya wawili hao.

Uchawi hapa ni kisingizio zaidi kuliko chanzo. Watetezi wa haki na maafisa wa serikali wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba, na historia inaeleza kwa nini. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani waje wathibitishe umiliki wa mtu mmoja mmoja. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wengi hawakuingia katika daftari hilo, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota juu ya udongo uliolimwa na babu zao. Hadi leo familia nyingi hazina hatimiliki. Mpaka unapita wapi, nani alipewa kipande gani, nani aliuziwa minazi tu bila ardhi, yote hayo yamo kichwani mwa mzee. Bei zinapopanda karibu na Watamu, Malindi na Vipingo, na vijana wamekaa bila kazi, mzee anayekataa kugawa au kuuza huonekana kizuizi. Kisha mtoto anaugua, mganga anapiga ramli, jina linatoka. Kijana anayeshika panga ameaminishwa kwamba anaukinga ukoo. Aliyemtuma anahesabu ekari.

Kuna wakati mzee wa aina hiyo ndiye aliyeongoza. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, walipogoma kuwatii Waingereza mwaka 1913, aliyewahimiza watu kula kiapo katika msitu wao mtakatifu wa Kaya Fungo alikuwa Mekatilili wa Menza, mjane aliyekwisha kula chumvi nyingi. Moja ya mambo aliyoyapinga ni vijana kuchukuliwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Alikamatwa mwaka huo huo, akapelekwa mbali hadi nchi ya Wakisii, akatoroka akarudi kwao. Leo anaadhimishwa Malindi kila mwaka. Lakini mjane mzee, mwenye sauti, anayewazuia wengine wasichukue kilicho cha ukoo, angekuwa katika baadhi ya vijiji vya sasa mtu wa kwanza kutajwa kwa uchawi. Chama cha utamaduni cha MADCA, kinachoendeleza kumbukumbu yake, ndicho pia kilichowapa hifadhi wazee waliotishiwa maisha, katika Kaya Godhoma huko Ganze. Ni kazi ya heshima kubwa. Hata hivyo hifadhi humwokoa mzee kwa kumtoa kijijini, na aliyelitaka shamba analipata bila hata kumwaga damu. Kijana naye anabaki na somo kwamba tuhuma hulipa.

Ni ulezi gani basi unaobadilisha mwenendo? Ushahidi mzuri kabisa barani Afrika umetoka Monrovia, Liberia, ambako watafiti waliwafuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi. Baadhi walipewa wiki nane za mazungumzo ya vikundi yaliyofunza kuzuia hasira na kujiona upya, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa kitu. Fedha peke yake haikuacha alama ya kudumu katika uhalifu. Mazungumzo peke yake yalisaidia, kisha nguvu yake ikapungua. Waliopata vyote viwili walikuwa bado wametulia hata baada ya miaka 10. Hapa Kenya, jaribio la Shamiri lililochapishwa mwaka 2021 liliwashirikisha wanafunzi 413 wa sekondari: vikao vinne tu, vikiongozwa na vijana waliotoka kumaliza shule wenyewe, vilipunguza dalili za huzuni na wasiwasi. Mwelekezi, kwa hiyo, si lazima awe msomi mwenye shahada; aliyemtangulia mwenzake kwa miaka michache anaweza. Na tusije tukadanganyika kwamba kila ulezi ni baraka. Huko Massachusetts, Marekani, mradi ulioanza mwaka 1939 uliwapa mamia ya wavulana washauri, masomo ya ziada na kambi za likizo. Mtafiti Joan McCord alipowatafuta miaka 30 baadaye, alikuta waliosaidiwa wameharibikiwa zaidi kuliko wenzao walioachwa, na uchambuzi wa baadaye uliwaonyesha waliopelekwa kambini mara kwa mara kuwa ndio walioumia zaidi. Semina za hotelini zenye fulana na posho, zinazowakusanya vijana watundu siku tatu kisha zikawatawanya, zinafaa kutiliwa shaka hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya polisi na mahakama. Sheria ipo: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamhesabu kuwa mkosaji hata anayemtuhumu mwenzake, isipokuwa amepeleka malalamiko kwa chifu, polisi au afisa wa serikali. Imekaa vitabuni karne nzima na wazee bado wanachinjwa, kwa sababu shahidi ni jirani na mshtakiwa ni mtoto wa ndugu. Wengine watasema tupige marufuku muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa na vijana. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walifanya hivyo, mahakama ikasimamisha amri zao. Na hata muguka ungetoweka kesho, mgogoro wa shamba ungebaki pale pale. Pingamizi zito zaidi ni la vijana wenyewe: kwamba wazee si malaika, wapo waliouza ardhi ya ukoo kwa siri na kuwaacha wana wao mikono mitupu. Ni kweli, na ndiyo sababu sipendekezi turudi kwenye heshima ya kuinamisha kichwa tu.

Ninachopendekeza ni kwamba ulezi uwe na kazi ndani yake. Kikundi cha vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wa rika la karibu anayekutana nao kila wiki, kikae na wazee wa kila boma mbele ya chifu na jamaa wote, wanawake wakiwemo, waandike mipaka, urithi na mauzo yaliyokwisha fanyika. Mzee atahojiwa, kijana atasikilizwa. Maneno yakishakuwa kwenye karatasi yenye mashahidi, kumuua mzee hakumpi mtu ekari hata moja. Kuhusu viongozi wa rika, Kilifi haianzi na mikono mitupu: Moving the Goalposts, shirika la soka la wasichana lililoanzishwa mwaka 2001, limekuwa likiwakuza wachezaji wake kuwa makocha, waamuzi na waelimishaji wa wenzao. Halikuundwa kuzuia mauaji, lakini limeonyesha kwamba walezi wanaweza kutoka uwanja ule ule wa mtaa na kazi ikadumu zaidi ya miaka 20.

Fedha za wafadhili haziwezi kutegemewa. Misaada ya Marekani iliposimamishwa mwaka 2025, miradi mingi nchini ilikatika katikati. Kifungu cha 57 cha Katiba kinaitaka serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na bajeti ya kaunti haiwezi kupitishwa bila wananchi kushirikishwa. Kikao hicho kikija katika wadi yako, nenda, ukaulize ni shilingi ngapi zimetengwa kwa viongozi wa vijana na ngapi kwa usalama wa wazee, kisha usiondoke kabla jibu halijaandikwa katika kumbukumbu za kikao.