Sinema ya Zamani na Hamu ya Moyo

Tuseme uko Himo, watazama filamu ya rangi ya miaka ya 1950. Waona nyumba za msonge, migomba, na Kibo yenye barafu nyingi kuliko leo. Moyo wasema: “Zamani kulikuwa kuzuri!”

Ngoja kwanza. Filamu nyingi za namna hiyo hazina sauti, wala hazina moshi wa nyumba walimolala watu pamoja na ng’ombe. Mwanamke apandaye mlima na mzigo wa majani kutoka tambarare, shingo yamwuma, rangi haionyeshi.

Basi, usiilaumu hamu yako, itumie. Mwite bibi yako mtazame pamoja. Mwulize: mzigo ule ulikuwa na uzito gani? Mfereji ule alisafisha nani? Yeye ndiye sauti ya filamu, nayo haitangoja sana. Kwaheri.