Je, Wajua? Gari Kuukuu Huangushwa na Vitu Vidogo
Nchini Uingereza, gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka: breki, usukani, taa, matairi, moshi. Ukaguzi huo, uitwao MOT, ulianza mwaka 1960 kwa magari ya miaka 10 na zaidi. Injini yenye nguvu hailiokoi gari. Taa isiyowaka, springi iliyovunjika, kutu iliyotoboa chasisi au tairi kipara lenye mifereji isiyofikia kina cha milimita 1.6 hutosha kulifelisha. Rekodi za ukaguzi huo husomwa bure mtandaoni kwa namba ya gari. Hivyo, mtu wa Mombasa anayeagiza gari lililotumika kutoka huko anaweza kujua lilifeli lini, kwa nini, na lilikuwa limetembea maili ngapi, kabla hajalipa.